Thamani Tupu na Thamani Chaguomsingi katika Uingizaji wa Kumbukumbu za Wagonjwa

Mada kwa semina ya maofisa TEHAMA na watakwimu wa afya

1. Utangulizi na fasili

Nimeombwa nieleze namna ya kushughulikia thamani tupu na thamani chaguomsingi tunapoingiza kumbukumbu kwenye hifadhidata. Nitakayosema ni maoni yangu ya kitaaluma. Si msimamo wa taasisi ninayoitumikia, wala sikusudii kuunyooshea kidole mfumo wowote unaotumika sasa.

Fasili nitazipitia haraka kwa kuwa mnazijua. NULL ni alama kwamba thamani haipo. Si sifuri wala si maandishi matupu. Edgar Codd, mwasisi wa nadharia ya hifadhidata za uhusiano ya mwaka 1970, baadaye alipendekeza alama mbili: moja ya taarifa ambayo haijapatikana, nyingine ya taarifa isiyomhusu mtu kabisa, kama idadi ya mimba kwa mgonjwa wa kiume. SQL ilibaki na moja. DEFAULT ni thamani inayojazwa na hifadhidata yenyewe pale amri ya INSERT isipoitaja safuwima husika.

2. Tatizo

Sharti hilo la mwisho ndilo lililotusumbua miaka mingi. Programu ikiitaja safuwima na kuipa NULL, hifadhidata inatii: inaandika NULL, au inakataa ikiwa safuwima ni NOT NULL. DEFAULT haiguswi. Na maktaba nyingi za waandishi wa programu hutaja safuwima zote bila kujali fomu imejazwaje. Hibernate, usipoiagiza vinginevyo, hutuma kila safuwima pamoja na NULL zake. Msimamizi ameweka DEFAULT kwenye muda wa usajili, anaamini kazi imekwisha, kumbe safuwima inaendelea kubaki wazi.

Kasoro hiyo inatibika. Kinachoniumiza ni tiba tunayoichagua. Hifadhidata inakataa kumbukumbu, karani anaona ujumbe wa kosa, foleni imefika nje, TEHAMA inapigiwa simu. Kufikia jioni safuwima imefanywa NOT NULL DEFAULT 0, na programu imeagizwa kuandika sifuri popote palipoachwa wazi. Ujumbe umetoweka na kila mtu anashukuru.

Chukueni kliniki yenye watoto 10. Wanane wamepimwa, wastani wao ni kilo 12. Wawili hawakupimwa kwa sababu mzani uliharibika. Wakiandikwa NULL, AVG inawaruka na kutoa 12. Wakiandikwa sifuri, inatoa 9.6. Kliniki ile ile, watoto wale wale, na sasa mtakwimu wa wilaya anaona utapiamlo ambao haupo.

Sifuri ya uzito walau inaonekana kwa macho. Inayonitisha zaidi ni thamani chaguomsingi inayofanana na jibu. Nimekuta safuwima ya mzio wa dawa ikiwa na DEFAULT 'HAKUNA'. Mgonjwa ambaye hakuna aliyemuuliza anasomeka sawa na aliyeulizwa akasema hana mzio, na daktari anaandika penisilini kwa kuliamini neno ambalo halikutoka kwa mgonjwa. Ndugu washiriki, hapa hatuzungumzii tena usafi wa takwimu.

Kuhamisha data kunaongeza matatizo. Oracle huyahesabu maandishi matupu kuwa NULL, PostgreSQL haifanyi hivyo. SQL Server ikipewa maandishi matupu kwenye safuwima ya datetime huandika 1 Januari 1900, ndiyo maana tunaona wagonjwa wenye umri unaozidi miaka 120. MySQL, kabla ya toleo la 5.7 la mwaka 2015 kuufanya mpangilio mkali kuwa wa kawaida, iliweza kujaza sifuri kwenye safuwima ya NOT NULL iliyorukwa na kuacha onyo tu. Na kwenye DHIS2, programu inayobeba takwimu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, kipengele cha takwimu hakihifadhi sifuri mpaka kiagizwe. Uamuzi huo unapunguza mzigo wa seva, siupingi. Lakini kituo kilichoripoti kwa uaminifu kwamba hakuna mama aliyefariki mwezi huo kinaweza kufanana na kituo ambacho hakikujaza.

3. Mapendekezo

Napendekeza, kwa kuzingatia taratibu zilizopo, kwamba kabla safuwima haijaundwa, wauguzi na madaktari waulizwe kama jibu lake linaweza kukosekana. Likiweza, iruhusiwe NULL.

DEFAULT itumike kwa yale ambayo mfumo unayajua wenyewe: muda wa kuingiza, hali ya kumbukumbu. Isitumike kwa jambo linalotoka kwa mgonjwa au kwenye kipimo. Mzio usiwe na DEFAULT kamwe.

Programu iache kutaja safuwima isiyo na thamani, au iandike neno DEFAULT ndani ya VALUES. Wenye Oracle kuanzia 12c wanayo DEFAULT ON NULL. Waitumie kwa safuwima za mfumo pekee. Wenye MySQL wasizime mpangilio mkali ili tu ujumbe wa kosa uondoke.

Pembeni ya kipimo muhimu iwepo safuwima ya sababu: hakupimwa, alikataa, kifaa kibovu. Codd alitaka alama mbili; sisi tunaweza kuzipata kwa njia hii bila kumsubiri mtu.

Safuwima mpya inapoongezwa kwenye jedwali la zamani, kumbukumbu za nyuma zibaki NULL. Tangu PostgreSQL 11 ya mwaka 2018, kuongeza safuwima yenye DEFAULT isiyobadilika hakuhitaji kuandika upya jedwali zima, hivyo kishawishi kimekua: kwa amri moja, maelfu ya wagonjwa wanajibiwa swali ambalo halikuwepo walipofika.

Narudia: sifuri isiandikwe badala ya kisichojulikana, hata foleni ikiwa ndefu, hata mkubwa akiagiza kwa simu. Agizo la namna hiyo liandikwe na lisainiwe.

Mwisho, tarehe za 1900 na sifuri zilizokwisha kuingia zisifutwe kwa pamoja. Ziwekewe alama ya shaka, kisha kila kituo kifungue madaftari yake ya MTUHA na kuzilinganisha, na kazi hiyo ianze kabla madaftari ya zamani hayajateketezwa.