Mafuta Yaliyojificha Nyumbani



Mtu asiye na gari, wala pikipiki, wala taa ya chemli, hudhani kwamba habari za mafuta ya petroli hazimhusu. Asikiapo kuwa bei imepanda, huwasikitikia wenye magari, kisha huendelea na shughuli zake. Lakini mtu huyo akifuatwa tangu alfajiri mpaka usiku, itaonekana wazi kwamba ni nadra apitishe hata saa moja bila kuyagusa mafuta hayo, au kuyavaa, au kuyalalia.

Aamkapo hutia miguu katika kandambili, na kandambili hizo ni mafuta. Ndoo anayonawia ni mafuta, na mswaki wa dukani pia ni mafuta. Akisha kuoga hujipaka vaselini, ambayo haikutoka kwa ng'ombe wala kwa mnazi, bali katika kisima kile kile cha petroli. Shati lake lisilotaka pasi limefumwa kwa nyuzi za mafuta. Mkewe akienda kusukwa kwa nywele za bandia, hurudi nyumbani na mafuta kichwani, ijapokuwa hakupakwa hata tone. Na yule mzee asemaye kwamba hana haja na vitu vya kisasa, na kwamba viatu vyake vya akala vyamtosha, naye atazamwe vizuri. Akala hukatwa katika gurudumu kuukuu la gari, na mpira wa magurudumu ya leo, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa kwa mafuta.

Jambo hili lawezekanaje? Mafuta yachimbwayo ardhini ni meusi na mazito. Hupashwa moto katika mitambo, nayo hujigawa, kila aina kwa kiasi chake cha joto: petroli, mafuta ya taa, dizeli, mpaka lami ya barabara ikabaki chini. Kazi hiyo ilifanywa hata Changamwe, Mombasa, tangu mwaka 1963 hadi mwaka 2013. Penye viwanda vya plastiki, sehemu nyepesi ya mafuta hupashwa moto mkali zaidi, hata ikawa gesi, kama ile iitwayo ethilini. Chembe za gesi hiyo ni ndogo mno. Lakini zikiungwa maelfu kwa maelfu, kama mwanamke atungavyo shanga katika uzi, gesi isiyoonekana hugeuka kuwa kitu cheupe kishikikacho kwa mkono. Hiyo ndiyo plastiki. Shanga za namna moja hutoa ndoo. Shanga za namna nyingine hutoa soksi.

Habari za plastiki zilianza kwa ndovu. Katika karne ya 19 pembe nyingi za ndovu wa Afrika ya Mashariki zilipelekwa Unguja, na kutoka huko zikasafirishwa Ulaya na Marekani ili kufanywa vitana, vipini vya visu, vibao vya piano, na mipira ya mchezo wa biliadi. Pembe zikawa ghali, hata wafanya biashara wa biliadi mjini New York wakatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa mtu atakayebuni kitu cha kushika mahali pake. Mpiga chapa mmoja, John Wesley Hyatt, akajaribu sana, na mwaka 1870 akapata hati ya uvumbuzi wake ulioitwa seluloidi. Haikutoka katika mafuta, bali katika pamba iliyotiwa asidi, ikachanganywa na kafuri. Hata hivyo ndiyo iliyofungua mlango. Ila ilikuwa na kasoro moja, nayo ni kushika moto upesi. Hyatt mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwenye kilabu mmoja wa Colorado alimwandikia kumweleza kuwa mipira ile ikigongana hulia kama bunduki, na kila ikilia, wanaume wote waliomo chumbani huchomoa bastola zao.

Vaselini nayo ina kisa chake. Robert Chesebrough, Mmarekani, alifika kwenye visima vya mafuta vya Pennsylvania akaona wafanya kazi wakilaani utando mzito uliokuwa ukikwamisha mitambo yao, lakini wakijikata au kuungua, hujipaka utando huo huo. Akauchukua, akausafisha, na mwaka 1872 akaupatia hati. Inasemekana kwamba alikuwa akila kijiko kimoja cha vaselini kila siku. Hapana daktari amshauriye mtu kumwiga. Lakini ni kweli kwamba Chesebrough aliishi miaka 96, akafa mwaka 1933.

Mwaka huo huo wa 1933, huko Winnington, Uingereza, wataalamu wawili, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wakiibana gesi ya ethilini kwa nguvu nyingi sana wakitafuta jambo jingine kabisa. Walipofungua chombo wakakuta kitu cheupe kama nta. Walipojaribu tena, chombo kikalipuka. Ilipata miaka miwili kabla ya kazi hiyo kufanikiwa barabara, nayo ilifanikiwa kwa sababu chombo kilikuwa kikivuja, wakalazimika kuongeza gesi mpya iliyokuwa na hewa kidogo ya oksijeni. Kitu hicho ni polithini, ambayo wakati wa vita ilitumiwa katika nyaya za rada, na baada ya vita ikaingia jikoni na sokoni. Yaani mfuko ulioelea katika kila mtaro wa dunia ulizaliwa kwa bahati na kwa uvujaji.

Lakini ukitaka kujua plastiki imemsaidia nani, usimwulize mtaalamu. Mwulize mama anayeteka maji. Zamani aliyachukua katika mtungi wa udongo, uliokuwa mzito hata kabla ya kutiwa tone moja, nao ukiteleza, safari imekwisha. Kisha likaja debe. Debe nalo lililetwa na mafuta, kwa kuwa ndicho chombo cha bati kilichouziwa mafuta ya taa. Likageuka kipimo cha mahindi, likakunjuliwa kuwa bati la kuezekea, na mwisho likaingia katika methali, kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Sasa imekuja jerikani ya plastiki. Jina lake ni la vita: askari wa Kiingereza waliwaita Wajerumani kwa utani "Jerry", na waliponyakua madebe yao mazuri ya chuma huko Afrika ya Kaskazini, wakayapa jina hilo. Jerikani ya plastiki ya lita 20, ikiwa tupu, ina uzito wa kama kilo moja tu. Ikianguka hairuki vipande, na ikitoboka huzibwa kwa kipande cha sabuni mpaka siku nyingine. Methali yake bado haijatungwa, lakini yastahili.

Hata hivyo sifa ile ile iliyo fadhila ya jerikani ndiyo aibu ya mfuko. Hakioza chombo, wala hauozi mfuko. Jerikani hutumika miaka. Mfuko ulitumika kutoka dukani mpaka mlangoni, kisha ukabaki duniani. Wakenya wengi waliuita "karatasi", ingawa hamkuwa na karatasi ndani yake hata kidogo, na labda jina hilo liliwadanganya wakadhani mvua itauyeyusha. Mvua haikuuyeyusha, bali iliusukuma mitaroni, maji yakakosa njia. Mbuzi na ng'ombe wakaula, na wachinjaji wakatoa matumboni mwao mafundo ya mifuko. Ng'ombe huyo huonekana ameshiba, kumbe anakufa njaa.

Ndiyo sababu Rwanda ilikataza mifuko hiyo mwaka 2008, na Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Siku hizo kiondo cha katani, kilichokuwa kimetundikwa ukutani kama pambo, kikashushwa na kurudi kazini.

Sheria pekee haitoshi, na yako mambo matatu ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya. Kwanza, jerikani iliyowahi kutiwa dawa ya josho la ng'ombe au dawa ya kunyunyizia mimea isitiwe kamwe maji ya kunywa, hata ikioshwa mara kumi. Pili, makaa yasiwashwe kwa kipande cha plastiki. Hushika moto upesi, ni kweli, lakini moshi wake una sumu, na waupokeao kwanza ni mama na mtoto aliye mgongoni. Tatu, chombo kisichofaa tena kisitupwe mtoni, kwa maana kila mto una watu wa chini.

Huko Lamu mafundi chini ya Ali Skanda walikusanya kama tani 10 za plastiki iliyotupwa, wakaunda jahazi, wakalipamba ubavuni kwa kandambili kama 30,000 zilizookotwa pwani. Mwanzoni mwa mwaka 2019 jahazi hilo lilitweka tanga likaenda mpaka Unguja, safari ya kilomita kama 500, nalo halikuzama. Wazee husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Takataka pia huelea, na hakuna aliyeziunda zielee. Lakini zikipata fundi, hufika mbali.