Midomo Iliyopasuka na Malengelenge ya Mdomo: Tujue Tofauti



Kuanzia Juni hadi Septemba hapa Kigoma mvua hukatika, vumbi huzidi na upepo huwa mkavu. Ndiyo miezi ambayo sisi wahamasishaji wa afya tunaulizwa sana habari za midomo. Wengine wana midomo iliyokauka tu. Wengine wana malengelenge. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina matunzo yake. Ukiyachanganya, unaweza kumtenga jirani yako bure, au kumwambukiza mtoto mchanga ugonjwa unaoweza kumuua.

Midomo iliyopasuka

Hii huletwa na upepo, jua, kutokunywa maji ya kutosha na tabia ya kulamba midomo. Mate yakikauka huacha mdomo mkavu kuliko mwanzo. Utaona ngozi inabanduka na nyufa ndogo, mara nyingi mdomo mzima, hasa wa chini. Hakuna malengelenge. Haiambukizi.

Paka mafuta ya mgando au mawese kidogo mara kadhaa kwa siku, kunywa maji, funika mdomo kwa kitenge wakati wa upepo, na acha kulamba wala kubandua ngozi. Nyufa zikiwa kwenye pembe za mdomo na haziponi, nenda zahanati. Huenda ni fangasi, au mwili umepungukiwa na damu au vitamini.

Malengelenge ya mdomo

Haya huletwa na virusi viitwavyo hepesi. Siku moja kabla, mahali pamoja pa mdomo huwasha au huchoma. Kisha hutokea malengelenge madogo yenye maji, yamekusanyika pamoja, mara nyingi upande mmoja, pale mdomo unapokutana na ngozi ya uso. Hupasuka, hutoa maji, hufanya gamba, na kwa kawaida hupona ndani ya wiki moja hadi mbili. Baada ya miezi huweza kurudi palepale, kwa sababu virusi hubaki vimelala katika mshipa wa fahamu. Homa, jua kali, uchovu na mawazo mengi huviamsha. Ndiyo maana watu husema, "Malaria imemtokea mdomoni." Malaria haitoki mdomoni, homa yake ndiyo imeviamsha virusi.

Je, ni UKIMWI?

Hapana. Virusi vya hepesi si virusi vya UKIMWI. Duniani, karibu watu wawili kati ya kila watatu wenye umri chini ya miaka 50 wanavyo virusi hivi vya hepesi, na wengi hawajui. Basi ukimwona dada ana kidonda mdomoni kwenye foleni ya maji, usimnong'one. Maneno kama hayo humfanya mtu ajifiche ndani, aache hata kwenda kutibiwa. Hakuna awezaye kupima UKIMWI kwa kutazama midomo. Kipimo ni cha damu, na kipo kituo cha afya.

Ukiwa na malengelenge, fanya hivi:

(a) Usiyatoboe, wala usipake majivu au dawa ya meno.
(b) Ukiyagusa, nawa mikono kwa sabuni. Usiguse macho, virusi hivi huweza kuharibu jicho.
(c) Kikombe, kijiko, taulo na mrija wa pombe viwe vyako peke yako mpaka upone. Akina baba, mrija mmoja usizunguke kwenye chungu!
(d) Usimbusu mtu yeyote, na zaidi sana mtoto mchanga.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Kwetu mtoto akizaliwa, bloku nzima huja kumpokea na kumbusu. Lakini mtoto wa wiki chache hana nguvu ya kupigana na hepesi. Humwingia ubongoni na mwilini mote. Mwenye malengelenge ampongeze mama kwa mdomo wake, si kwa busu. Mama mwenyewe akiwa nayo aendelee kunyonyesha, mradi kidonda hakipo kwenye titi; anawe mikono na afunike mdomo kwa kitambaa safi.

Nenda kituo cha afya bila kuchelewa ikiwa:

- mtoto wa chini ya miezi miwili ana homa, hanyonyi, analegea au ana malengelenge;
- jicho linauma au ni jekundu;
- kidonda kimepita wiki mbili au kinazidi kuenea.

Ipo dawa iitwayo asikilova, nayo husaidia zaidi ikianzwa mapema. Vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa sokoni ni vya bakteria, haviui virusi. Usipoteze fedha yako.

Mwambie na jirani ambaye hakusoma karatasi hii.