Kizuri Hakijiuzi Peke Yake

Mazungumzo baada ya taarifa ya habari, kwa askari wa Jeshi na Polisi



Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo yafaa katika soko la mtaani, ambako muuzaji na mnunuzi huonana uso kwa uso, na mteja huweza kuishika nazi na kuitikisa kabla ya kutoa fedha yake. Katika soko la dunia mambo huwa kinyume. Huko kizuri kisichotembezwa hubaki ghalani, na kibaya kilichotembezwa kwa ustadi hupata mnunuzi. Jambo hili laihusu sana nchi ndogo isiyo na bahari kama Burundi.

Na tumtazame mkulima wa Buhinyuza, huko Muyinga, eneo ambalo tangu mwaka 2025 limo katika mkoa mpya wa Buhumuza. Mkulima huyo analima kahawa ya arabika, zao lililoenezwa nchini kwa amri ya utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930, na ambalo leo hutegemewa na familia zinazokadiriwa kufikia 600,000. Huchuma matunda mekundu tu, huyachambua, kisha huyafikisha kwenye kituo cha kuoshea kahawa siku ile ile, kwani yakilala huanza kuchachuka. Kazi yake ni njema. Lakini mkaangaji wa kahawa aliyeko Hamburg au Tokyo hajapata kulisikia jina la Buhinyuza, wala hawezi kuagiza asichokijua. Kwa miaka mingi kahawa ya vilima vya Burundi ilichanganywa pamoja, ikauzwa kwa kufuata bei ya soko la New York, na jina la kilima ilikotoka likapotea njiani.

Hiyo ndiyo sababu mataifa hupeleka ujumbe wa kibiashara nchi za nje. Mfanyabiashara mdogo hana uwezo wa kulipa peke yake nauli ya ndege, kukodi banda la maonyesho, kutafuta mkalimani na kujifunza sheria za forodha za ugenini. Lakini wakienda ishirini kwa pamoja, chini ya bendera ya nchi yao, na ubalozi ukiwa umekwisha kuwatafutia wanunuzi, gharama hugawanyika na milango hufunguka. Asiyekuwapo na lake halipo.

Wala si lazima kwenda mbali. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Maonyesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi ya Jumuiya hiyo yalifanyika Eldoret mwaka 2018, Mwanza mwaka 2021, Kampala mwaka 2022, na Bujumbura mwaka 2023. Humo fundi wa viatu, msusi wa vikapu na mtengenezaji wa sabuni hukutana na wateja wa nchi jirani. Tena, kwa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, Jumuiya imeweka cheti chepesi cha uasilia kinachotolewa mpakani, ili mchuuzi asipewe masharti ya kampuni kubwa.

Yapo pia maonjo ambayo huwaleta wanunuzi nyumbani. Mashindano ya kahawa yaitwayo Cup of Excellence yalifika Rwanda mwaka 2008, na Burundi ikafuata mwaka 2012. Waamuzi kutoka nchi mbalimbali huionja kahawa bila kujua ni ya nani, kisha iliyo bora hunadiwa kwa njia ya intaneti ikiwa na jina la mahali ilikotoka. Lakini wageni hao pia husema ukweli mchungu. Kahawa za nchi za Maziwa Makuu wakati mwingine huwa na ladha ya kiazi kibichi, kasoro inayohusishwa na mdudu aitwaye antestia anayetoboa tunda. Mkulima anayeambiwa hivyo hujua pa kuanzia vita vyake.

Huenda askari akauliza: haya yananihusu nini? Yanamhusu sana. Ujumbe wa kibiashara hutia saini juu ya mambo matatu: kiasi, ubora na tarehe. Ahadi hiyo hutolewa ugenini, lakini hutimizwa barabarani. Lori linalopitia Kobero huingia Tanzania kwa Kabanga, likafuata Nyakanazi, Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro hadi bandari ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Meli haimngoji mtu. Lori likishikwa siku mbili kizuizini kwa ajili ya chai ya mtu mmoja, tarehe imevunjwa. Turubali likifunuliwa mvuani bila sababu, kahawa iliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 10 au 12 hunywa maji upya na kuota ukungu. Mnunuzi aliyeko ng'ambo hakijui kizuizi hicho. Alijualo ni jina la Burundi, na mwaka unaofuata ataagiza kwingine.

Taifa limekwisha kuonja maana ya njia kufungwa. Tarehe 31 Julai 1996 nchi jirani ziliamua kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, navyo vilidumu hadi Januari 1999. Itakuwa aibu iwapo njia iliyofunguliwa kwa mazungumzo marefu itazibwa tena na mkono unaotafuta noti moja.

Hii si kusema ukaguzi uachwe. Silaha na magendo hupita njia hizo hizo, na wajibu wa askari ni kuvikamata. Wala si haki kumtwika askari lawama zote. Mkulima akikaa miezi bila malipo, atashawishika kuvusha gunia lake usiku. Na ujumbe uliojaa wakubwa waliokwenda kununua suti, ukarudi bila oda hata moja, umekula fedha za mkulima huyo huyo.

Kwa hiyo kila mmoja ana sehemu yake. Askari anayesoma hati za dereva kwa makini, akazigonga muhuri, akamruhusu kupita bila kudai kitu, naye ni mjumbe wa biashara ya taifa. Hakupanda ndege wala hakuvaa tai, lakini ahadi iliyotolewa Hamburg imetimizwa mkononi mwake, na mkulima wa Buhinyuza atalipwa ada ya shule ya mtoto wake.