Wimbo wa Malaika na Uaminifu wa Mungu

Maneno ya katekista mmoja mbele ya waamini na walimu, katika sikukuu ya jubilei ya jimbo



Nimepewa kazi ya kusema juu ya uaminifu wa Mungu. Bila shaka wengi wenu mwangoja niwahesabie miaka ya jimbo letu na makanisa yaliyojengwa. Hayo wenzangu wameyasema jana, tena wameyasema vizuri. Mimi nataka kusema juu ya wimbo, wala si wimbo wa kitabu chetu cha kanisa. Ni wimbo wa dansi, ule uitwao Malaika. Naona vijana kule nyuma wanacheka, na wazee hapa mbele wamekunja nyuso. Nawaomba wote mnivumilie kidogo.

Wimbo huu hapana asiyeujua. Fadhili William wa Kenya aliutia katika santuri miaka ile ya 1960, na hata leo watu wabishana ni nani aliyeutunga, maana wako wasemao ni Adam Salim wa Tanganyika, na wengine wataja watu wengine. Mwaka 1965 Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliutoa pamoja na Harry Belafonte wa Marekani, ukaimbwa na watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Na kwa kuwa sauti yake ni tamu, mtu asiyeijua lugha aweza kudhani ni wimbo wa kubembelezea mtoto. Kumbe ni kilio.

Habari yake ni hii. Kijana ampenda msichana, naye ataka kumwoa kwa heshima. Lakini hana mali. Basi hamwoi. Hamna matusi ndani yake, wala pombe, wala kumtorosha mtoto wa watu usiku. Wako wanung'unikao kwamba si halali kumwita binadamu malaika. Mimi sioni kosa. Mama zetu huwaita hivyo watoto wao wachanga, na hata zile nywele laini za mwilini Kiswahili chaziita malaika, wala hakuna aliyekufuru.

Sasa niungame kosa langu. Miaka michache iliyopita binti wa ndugu yangu aliposwa na kijana wa kigango chetu, fundi wa baiskeli, mwimbaji wa kwaya. Sisi wazee tukakaa barazani kutaja mahari. Tukataja ng'ombe wengi na fedha nyingi juu yake, kwa kuwa binti amesoma, na kwa kuwa jirani yetu alipata nyingi mwaka uliotangulia. Mimi nalikuwamo. Tena nalikuwa msemaji wao, maana kwetu mwalimu wa dini husemeshwa kila mahali. Kijana akaomba tumpunguzie, tukakataa. Akaomba alipe kidogo kidogo, tukamwambia alete nusu kwanza. Akatuaga kwa adabu, akaenda zake.

Jioni moja nikapita mbele ya kibanda chake, nikamsikia akiimba Malaika kwa gitaa. Nikasimama nikamkemea: "Wewe ni mwimbaji wa kanisa, nawe waimba nyimbo za dansi?" Akaweka gitaa chini, akanijibu, "Mwalimu, katika kitabu cha kanisa sikuona wimbo wa mtu aliyekosa mahari." Sikuwa na jibu. Jumapili ile hakuja kwaya, wala Jumapili ya pili. Baadaye tukasikia kwamba amekwenda mjini kutafuta kazi.

Neno lake likanifuata nyumbani. Nikafungua Biblia nimtafute mtu aliyekosa mahari, nikamwona upesi: Yakobo. Huyu alivuka Yordani na fimbo yake tu. Alipofika kwa Labani hakuwa na kitu cha kutoa, akatoa miaka 7 ya kazi ya mikono yake ili ampate Raheli, na baada ya kudanganywa akatumika miaka 7 mingine. Naye Labani alikuwa mjomba wake! Hapa naliona haya, maana nalijua mimi ni nani katika habari hiyo.

Kisha nikafika kwa nabii Hosea. Mkewe alimwacha akafuata wengine, na Mungu akamwagiza nabii ampende mwanamke huyo tena. Sura ya 3 yaeleza kwamba alimpata kwa vipande 15 vya fedha, pamoja na shayiri homeri moja na nusu. Angalieni malipo hayo, ninyi mliokwisha kulipa mahari. Mtu mwenye fedha ya kutosha halipi sehemu kwa nafaka. Wafasiri wengi wakadiria kwamba shayiri ile ilikuwa na thamani ya vipande 15 vingine, jumla 30, ndiyo bei ya mtumwa katika sheria ya Musa. Yaonekana Hosea alikung'uta mfuko, kisha akakung'uta ghala.

Na katika sura ya 2 Mungu mwenyewe asema juu ya taifa lake kwamba atalichumbia hata milele. Ataja uadilifu na haki, fadhili na rehema, na mwisho ataja uaminifu. Miaka mingi nalisoma maneno hayo nikidhani ni sifa tu za ndoa njema. Lakini wajuzi wa Kiebrania watufundisha kwamba usemi ule ni wa mtu atajaye mahari yake, sawa na ule wa Daudi alipotaja alichotoa ili ampate Mikali. Yaani, ndugu zangu, uaminifu wa Mungu ni mahari. Bibi arusi hakuwa na kitu ila aibu. Mposaji hakumdai, wala hakwenda kukopa kwa jirani. Alitoa katika nafsi yake. Petro naye atukumbusha katika waraka wake wa kwanza kwamba hatukukombolewa kwa fedha wala kwa dhahabu, bali kwa damu ya Kristo.

Sasa turudi kwenye wimbo. Yule kijana ni mwaminifu, wala sitaki mtu amdharau. Hamdanganyi msichana kwa ahadi za kesho na keshokutwa. Ashindwa, na baada ya kushindwa angali ampenda. Hicho ni kivuli cha uaminifu wa Mungu, nami naamini ndiyo sababu wimbo wagusa mioyo ya watu wasiojua hata maana yake. Walakini tazameni pale unapokwama. Upendo wake wafika penye mali, wasimama. Mwanadamu aweza kupenda kweli na kushindwa kweli. Mungu apenda, wala hashindwi. Aliyekuwa tajiri akajifanya maskini kwa ajili yetu. Vijana, mkiimba Malaika, uimbeni hata mwisho, mkae kimya kidogo, mkamkumbuke huyo.

Mtu ataniuliza: Je, katekista afundisha dini kwa nyimbo za baa? Na amwulize Mtume Paulo. Alipohubiri Athene alitaja maneno ya washairi wa Wagiriki. Mmoja wao, Aratus, mtu wa Kilikia, nchi aliyozaliwa Paulo mwenyewe, alikuwa akimsifu Zeus, mungu wa uongo. Paulo akayachukua maneno yale akayaelekeza kwa Mungu wa kweli. Wala sisemi nyimbo zote. Ziko ambazo ukizikamua juma zima hupati tone, hizo ziacheni. Wala sitaki Malaika uimbwe katika Misa, maana Misa ina nyimbo zake. Lakini mkumbuke kwamba zamani ngoma zetu zilikatazwa karibu zote, na mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaagiza kwamba muziki wa nchi za misioni upewe heshima inayoupasa. Leo ngoma yalia katika Utukufu. Wazee waliozificha ngoma darini wamo humu. Nimewaona asubuhi wakipiga makofi.

Walimu wenzangu, kuimba kuhusu uaminifu ni rahisi kuliko kukaa barazani siku ya kutaja mahari. Mwaka jana nalimwendea ndugu yangu, nikamsomea Hosea, sura ile ya 3. Akakasirika siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Nenda kamtafute." Nikapanda basi, nikamkuta kijana katika karakana ya pikipiki, mikono imejaa mafuta. Nikamwambia kwamba binti hajaolewa, na kwamba wazee wataka kuketi upya, naye alete alicho nacho. Hakucheka wala hakulia. Akaniuliza kama ni mimi nitakayesema tena barazani. Nikamjibu kwamba safari hii nitasema kwa upande wake.

Ameahidi kuja Pasaka. Katika kwaya, nafasi yake ya sauti ya nne hatujampa mtu.