Thabai ni Mboga, Si Badala ya Vidonge vya Damu

Leo tuzungumzie thabai, ambayo Wakalenjin huiita siwot. Ni ule mmea unaowasha, unaoota kando ya misitu ya milimani kama Kaptagat na Timboroa.

Siku moja alikuja kliniki mama mwenye mimba ya miezi saba. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na alihema akitembea hatua chache tu. Alikuwa ameacha vidonge vya kuongeza damu kwa sababu vilimletea kichefuchefu na choo cheusi. Badala yake alikunywa maji ya thabai asubuhi na jioni. Tulipompima, damu ilikuwa imepungua sana, akapelekwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Mama, thabai ni mboga nzuri. Ina madini ya chuma, kalisiamu na protini. Vaa glavu, uchume majani machanga ya juu kabla mmea haujatoa maua. Usichume kando ya shamba lililopuliziwa dawa. Yaoshe, kisha yachemshe kwa dakika kumi hivi, hayatawasha tena. Yaponde pamoja na viazi na mahindi, au yakaange kwa kitunguu na nyanya. Mtoto aliyetimiza miezi 6 mpondee laini kabisa. Aliye chini ya hapo ni maziwa ya mama pekee.

Lakini chuma cha mboga huingia mwilini kidogo kidogo. Kula chungwa pamoja na chakula hicho ili kiingie zaidi, na chai isubiri kama saa moja. Hata hivyo, mjamzito anahitaji chuma kingi kuliko sahani ya mboga inavyoweza kumpa. Kwa hivyo meza vidonge vyako kila siku. Choo cheusi si ugonjwa. Ukihisi kichefuchefu, vimeze usiku baada ya kula. Kikizidi, mwambie muuguzi kabla ya kuviacha.

Jioni ya leo, linganisha kiganja cha mtoto wako na chako. Kikiwa cheupe, usimchemshie majani ukangoja. Mpeleke kliniki mara moja, kwani huenda ni malaria au minyoo inayommaliza damu.

Thabai ibaki kwenye sufuria, na vidonge viendelee. Kwaherini, hadi wiki ijayo.