Hofu ya Saratani Kurudi: Maneno kwa Wazee Wetu Waliofanyiwa Upasuaji

Mazungumzo ya muuguzi wa hospitali ya wilaya mbele ya Baraza la Wazee



Nimeombwa nizungumzie huduma baada ya upasuaji wa saratani. Naomba nianze na jambo lisiloandikwa katika kadi ya mgonjwa: hofu kwamba ugonjwa utarudi.

Niliwahi kuwahudumia akina mama wawili, wote wamevuka miaka 60, wote wameondolewa titi. Wa kwanza alianza kuumwa mgongo. Hakumwambia mtu. Kwa miezi minane alikesha hadi majogoo, akawagawia wajukuu mbuzi wake, akanunua sanda. Alipopigwa picha, zilionekana pingili za mgongo zilizolika kwa umri na jembe. Saratani haikuwepo.

Wa pili alipapasa kivimbe kama punje ya mtama juu ya kovu. Naye akanyamaza, akaacha kuja kliniki. Baadaye aliniambia, "Mwanangu, niliona nisipoambiwa, hakipo." Alipokuja, punje ilikuwa imekuwa kidonda. Saratani ilikuwa imerudi, na tiba ambayo ingekuwa nyepesi ikawa nzito.

Hofu ilikuwa moja. Mmoja ilimnyima usingizi, mwingine ilimfunga miguu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini methali hiyo humlaumu mgonjwa peke yake. Mimi nami nina fungu langu. Kila walipohudhuria niliuliza habari za kovu, uzito na shinikizo la damu, sikuuliza hata mara moja, "Mama, unaogopa nini?"

Wazee wangu, sitawaahidi kwamba saratani haitarudi. Upasuaji huondoa uvimbe unaoonekana. Chembe zisizoonekana zaweza kubaki. Ndiyo sababu wengine hupewa mionzi, au vidonge kama tamoksifeni vinavyomezwa kwa miaka 5 au zaidi. Msiviache kwa kuwa mnajisikia wazima. Ndiyo sababu pia ya tarehe za kliniki: miaka ya mwanzo kila baada ya miezi michache, baadaye mara moja kwa mwaka. Kwa wazee wa kiume walioondolewa tezi dume kwa saratani, kipimo cha damu kiitwacho PSA huweza kutoa ishara kabla ya maumivu kuanza.

Mtaniuliza: je, kila kinachouma ni saratani? La. Maumivu mengi ya uzeeni huja na kuondoka, hufuata kazi na baridi. Mtuletee maumivu mapya yasiyoondoka kwa wiki mbili au yanayozidi usiku; uvimbe kwenye kovu au kwapani; kikohozi kisichokoma; kukonda bila sababu; damu katika mkojo au choo. Mgongo ukiuma huku miguu inalegea, au mkojo ukizuilika, msingoje tarehe. Njooni siku hiyo hiyo.

Mkifika, piteni dirisha la wazee mkiwa na kadi na barua ya hospitali iliyowapasua, iwe Bugando, KCMC au kwingineko. Na mtuambie hofu yenu kama mnavyotuambia homa.

Nanyi vijana mliowasindikiza wazee, msiwaambie, "Usiwaze." Neno hilo hufunga mdomo. Waulizeni wanawaza nini, kisha fuataneni nao kliniki, maana siku chache kabla ya tarehe ndizo zenye usiku mrefu.

Yule mama wa kwanza bado huogopa kila tarehe inapokaribia. Tofauti ni kwamba sasa husema, na huja na mjukuu. Mbuzi hajawadai, sanda ameifungia sandukuni, na shambani anaendelea kulima.