Ubongo, Kompyuta na Lugha

Mhadhara huu unajadili iwapo ubongo wa binadamu hufanya kazi kama kompyuta ya matumizi yote, yaani mashine moja iwezayo kutekeleza hesabu yoyote mradi ipewe maagizo yanayofaa. Wazo la mashine hiyo lilielezwa kihisabati na Alan Turing mwaka 1936. Kwa wanaisimu suala hili ni zito: ikiwa ubongo ndio mashine hiyo, basi sarufi ni programu tu miongoni mwa programu, na kuichunguza hakufichui lolote kuhusu umbile la akili.

Katika kompyuta, programu na mashine ni vitu viwili. Programu huhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine bila kubadilika. Ubongo hauko hivyo. Mwaka 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa mengi aliyoambiwa, lakini mwenyewe hakuweza kutamka ila silabi “tan”. Alipofariki, ilibainika kuwa sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto ya ubongo wake ilikuwa imeharibika. Lugha, basi, imefungamana na kiungo kinachoibeba.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa kila kazi imefungiwa chumba chake milele. Mtoto mchanga aliyeumia nusu hiyo ya kushoto mara nyingi hujifunza kusema vizuri kwa msaada wa nusu ya kulia, ilhali mtu mzima aliyepata jeraha kama hilo huweza kubaki na ulemavu wa kudumu. Ubongo hunyumbulika, lakini si wakati wote wala bila mipaka.

Ushahidi mwingine umo katika ngeli. Mtoto Mswahili husema “kiti kimevunjika” lakini “kiboko amekufa”. Hutambua kuwa uhai hushinda umbo la nomino, ingawa hakuna aliyemfundisha kanuni hiyo. Kompyuta za leo nazo hujifunza upatanisho wa namna hii kutokana na matini, lakini kwa kusomeshwa maneno mengi mno kuliko anayoyasikia mtoto yeyote.

Kwa hiyo, kwamba ubongo hukokotoa si hoja kuu. Hoja ni kwamba hufika mbali kwa kupewa machache, na siri ya uchache huo ndiyo inayoipa sarufi nafasi yake katika elimu ya akili.